Mgeni wa Garimoshi: Dostoevsky, Tolstoy, Butor na Swali la Mwenyeji

Katika mwaka wa masomo uliopita tulisoma pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili vitabu vitatu vya kigeni ambavyo ama vyote kwa vyote, ama katika ufunguzi wake, hutokea ndani ya garimoshi. Navyo ni L'Idiot ya Dostoevsky, iliyochapishwa kwa sehemu jaridani katika miaka ya 1868 na 1869. La Sonate à Kreutzer ya Tolstoy, iliyomalizika mwaka 1889. Na La Modification ya Michel Butor, ya mwaka 1957. Viwili vya kwanza tulivisoma katika tafsiri za Kifaransa, maana katika idara yetu hakuna asomaye Kirusi ila mwalimu mmoja mstaafu, ambaye tutamrudia hapa chini. Kusudi la somo lilikuwa la kiisimu tu: kutazama watu wasiojuana wanafunguaje mazungumzo, nani huuliza, nani hujibu, na kwa maneno gani huagana. Lakini kadiri tulivyoendelea tuliona kwamba swali letu dogo lilikuwa linagusa moyo wenyewe wa vitabu hivyo. Ndiyo sababu tumethubutu kuliandika katika kurasa hizi, ingawa sisi si wahakiki kwa mafunzo.

Hukumu ya kawaida juu ya mandhari ya garimoshi ni kwamba ni hila ya mwandishi. Anataka kuwakutanisha watu wawili ambao maisha yasingewakutanisha, basi huwakalisha kwenye viti vinavyotazamana, huwafungia mlango, kisha huwaacha waseme. Hukumu hiyo si ya uongo. Hata hivyo haielezi kwa nini hila hiyo inafanya kazi, wala kwa nini msomaji aliyewahi kusafiri hivyo katika nchi ngeni huikubali bila kinyongo, ilhali huikataa hila nyingine iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Msomaji wa Kiswahili anapofungua vitabu hivi hukutana na tatizo la neno kabla hajakutana na tatizo la fasihi. Mtu usiyemjua, mtu wa nchi nyingine, na mtu aliyefika kwako ukampa kiti na maji: hao wote watatu Kiswahili huwaita kwa jina moja, mgeni. Kifaransa humwita wa kwanza inconnu, wa pili étranger, na wa tatu humweka mbali nao kabisa kwa kumwita hôte, ambalo ndilo jina lile lile la yule anayempokea. Kwa hiyo Kifaransa kimemwunganisha mpokewa na mpokeaji wake, nacho Kiswahili kimemwunganisha mpokewa na asiyejulikana. Hatusemi kwamba lugha moja ni karimu kuliko nyingine. Mambo ya namna hiyo huachiwa wanasiasa. Tunasema tu kwamba katika Kiswahili mgeni hadai kujulikana ndipo apewe kiti, lakini lazima awepo mwenyeji wa kumpa. Sasa, katika garimoshi linalovuka mpaka, mwenyeji ni nani? Kiti ni cha shirika la reli. Mkagua tikiti ni mfanyakazi. Nchi inayopita dirishani si ya abiria, au ilikuwa yake saa mbili zilizopita na sasa si yake tena. Wote ni wageni, na hakuna wa kuwakaribisha. Dai letu ni kwamba kila kimoja cha vitabu hivi vitatu kinamjaribu mtu kwa swali hili: ni nani atakayekubali kuwa mwenyeji mahali pasipo na mwenyeji?

Tuanze na Dostoevsky. Ni mwisho wa Novemba, theluji inayeyuka, yapata saa tatu asubuhi, na garimoshi la kutoka Warszawa linakaribia Petersburg. Katika behewa la daraja la tatu wanakaa vijana wawili wakitazamana, kila mmoja wa miaka ishirini na kitu. Mmoja amevaa koti zito la ngozi ya kondoo. Mwenziwe amevaa joho jepesi lenye kofia, lifaalo pengine kwa baridi ya Uswisi, lakini si kwa ile ya Urusi, naye ana kifurushi kimoja tu mikononi. Yule wa koti, Rogozhin, anamwuliza huyu kama anaona baridi. Wanafunzi walidhani mwanzoni kwamba hilo ni swali la huruma. La hasha, mwandishi mwenyewe anatuonya kwamba limetoka kwa ile furaha chafu ambayo watu huipata wanapotazama shida ya mwingine. Ni dhihaka iliyovaa nguo ya salamu.

Naye Mwanamfalme Myshkin anajibu. Anajibu swali hilo, na la pili, na la kumi, mengine ya utovu wa adabu kabisa: alikuwa wapi, aliugua nini, nani alilipa, je, walimponya? Anasema kwamba alikuwa Uswisi zaidi ya miaka minne, kwamba ana kifafa, kwamba hawakumponya. Mwanafunzi mmoja alisema darasani kwamba kwao mtu anayejibu hivyo huibiwa kabla ya stesheni ya pili, na wote wakacheka. Ni kweli. Lakini tutazame kinachotokea kwa Rogozhin. Maadamu mwenziwe amelipokea swali lake la kejeli kama karibu ya kweli, anajikuta amekuwa mwenyeji bila kukusudia. Naye anaanza kusimulia mambo yake mwenyewe: baba aliyekufa, urithi mkubwa, hereni za almasi, mwanamke aitwaye Nastasya Filippovna. Kabla hawajashuka anamwalika Myshkin nyumbani kwake na kumwahidi koti la manyoya ya thamani. Zaidi ya hayo anakiri kwamba hajui kwa nini amempenda. Labda ni kwa sababu ya saa waliyokutana. Lakini hapo hapo anamwonyesha kidole Lebedev, karani mdaku aliyejipenyeza katika mazungumzo yao, na kusema kwamba huyu naye amekutana naye saa ile ile, wala hakumpenda.

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu angeweza kuiandika methali hii juu ya sura ya kwanza ya L'Idiot, na riwaya yote iliyobaki ingekuwa jibu chungu kwake. Maana Rogozhin haponi. Mwisho wa kitabu wawili hawa wanakesha tena pamoja katika chumba kimoja, kando ya maiti ya Nastasya Filippovna aliyechomwa kisu na Rogozhin. Wahakiki wengi huuona urafiki wa behewani kama kitangulizi cha msiba huo. Sisi tunaona kinyume: Dostoevsky hakusema kamwe kwamba kukaribishana kule kulikuwa kwa uongo. Kulikuwa kwa kweli, tena hakukutosha.

Tolstoy ni habari nyingine. Kwanza kitabu chenyewe kilisafiri kabla ya kuchapishwa: kilizunguka kwa nakala za mkono na za chapa ya mawe, serikali ikakizuia mwaka 1890, na ruhusa ya kukichapa ndani ya mkusanyo wa kazi zake ilipatikana mwaka 1891 tu, baada ya mkewe Sofia kwenda kumwona Mfalme Aleksandr wa Tatu. Ni ajabu kidogo kwamba mke ndiye aliyekitetea, kwa maana ni kitabu kinachomtukana mke. Pozdnyshev, mtu aliyemwua mkewe kwa wivu na kuachiliwa na mahakama, anamsimulia abiria mmoja usiku kucha juu ya ndoa, muziki, madaktari, mavazi na tamaa. Wasichana wa darasa letu waliyakataa mengi ya mawazo yake, na walifanya vema. Hotuba hizo ni ndefu, nyingine zinachosha, na mwandishi hamwekei msemaji wake mpinzani mwenye nguvu.

Lakini tuache anachokisema Pozdnyshev, tutazame anavyofika kukisema. Mwanzoni yeye ndiye abiria asiyetaka kuzungumza na mtu. Wengine wanasema: bibi mmoja mvuta sigara, mwanasheria mwenye mizigo mipya, mzee mfanyabiashara. Wanabishana juu ya talaka na mapenzi. Mzee anashuka. Bibi anaendelea kuyasifu mapenzi, na hapo ndipo Pozdnyshev anapojitia katikati na kuuliza, mapenzi gani? Kisha anajitaja jina, na jina lake linajulikana kwa sababu ya kesi. Bibi na mwanasheria wananong'onezana, baadaye wanahamia behewa jingine. Abaki nani? Msimulizi, ambaye Tolstoy hakumpa hata jina.

Husemwa sana kwamba mtu humwambia mgeni siri zake kwa kuwa hatamwona tena. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini hapa hayatoshi, kwa maana siri ya Pozdnyshev si siri; behewa zima linamjua. Alichokihitaji si mtu asiyemjua. Alihitaji mtu ambaye, akisha kumjua, hatahama kiti. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika kitabu hiki kikali, nalo limeandikwa bila kelele. Pozdnyshev anamwuliza msimulizi kama atakunywa chai, anamwonya kwamba ni kali, na kweli ni nzito kama bia. Msimulizi anainywa. Kuanzia hapo kazi yake ni kusikiliza, na mwanaisimu atafurahi kuona jinsi anavyoifanya: neno moja hapa, swali fupi pale, mara nyingine kimya tu, kama vile kwetu msikilizaji anavyotia "ee" yake mahali panapofaa ili msimulizi asidhani kwamba anasema na ukuta.

Mwalimu mstaafu tuliyemtaja alisomea Moscow zamani za Muungano wa Kisovyeti, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Tulimwomba atuelezee chai hiyo. Alitueleza mengi kuliko tulivyoomba: bilauri katika kishikizo cha chuma, zikigongana usiku kucha; meza ndogo ya dirishani ambapo kila mtu hutandaza alichobeba, mayai ya kuchemsha, kuku, matango; na jinsi yeye, kijana wa Katanga asiye na kitu mfukoni, alivyosafiri siku nyingi bila kununua chakula, kwa kuwa aliyekaa mbele ya meza iliyotandazwa hawezi kuachwa akitazama. Aliongeza kwamba hapo hapo mtu aliweza kuulizwa maswali ya kijinga sana juu ya Afrika, na mwulizaji ndiye aliyekuwa akimkatia kuku. Tulimwuliza kama hakuona uchungu. Akasema kwamba uchungu aliuona mjini, kwa watu waliokuwa hawaulizi kitu.

Lakini msaada wake mkubwa ulikuwa juu ya neno la mwisho la kitabu. Garimoshi linafika mahali ambapo msimulizi atashuka. Anamwendea Pozdnyshev aliyejilaza, anampa mkono na kumwaga. Kwa Kirusi, kadiri tulivyoelezwa, neno la kuagana moja kwa moja na neno la kuomba msamaha yametoka katika shina moja. Msimulizi anasema lile la kwanza. Pozdnyshev anajibu kwa lile la pili, neno ambalo ndilo alilomalizia hadithi yake yote. Je, anaaga au anaomba msamaha? Na kama anaomba msamaha, anamwomba nani: mkewe aliyekufa, au msafiri aliyemnyima usingizi? Kifaransa hulazimika kuchagua, kwa maana adieu ni Mungu na pardon ni kosa, na hayo mawili hayana undugu. Darasa letu likauliza, na Kiswahili je? Kwaheri ina heri ndani yake, haina msamaha. Tutalirudia jambo hili.

Kabla ya kufika kwa Butor yafaa tukumbushe kwamba Mswahili hakungoja riwaya ili aandike juu ya garimoshi la ugenini. Katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliotoka Göttingen mwaka 1901, mna masimulizi ya Salim bin Abakari juu ya safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller. Kwa hiyo Mswahili alikuwa Urusi Tolstoy akingali hai na akiandika. Masimulizi hayo yanastahili makala yake, na tunatumaini mwenzetu mmoja atayaandika. Na tukiwa katika tarehe: Tolstoy alifia katika nyumba ya mkuu wa stesheni, huko Astapovo, mwezi wa Novemba 1910, mwaka ule ule reli iliyotoka kusini ilipoufikia mji wetu. Jambo hili halithibitishi kitu, lakini hupendeza kulijua.

La Modification husifiwa, na kwa haki, kwa ujenzi wake. Léon Delmont, mwenye miaka arobaini na mitano, mkuu wa tawi la Paris la kampuni ya Kiitalia ya mashine za kuandikia, anapanda garimoshi asubuhi Paris ili afike Roma kesho yake alfajiri. Kwa kawaida husafiri daraja la kwanza kwa gharama ya kampuni. Safari hii anakwenda kwa siri na kwa fedha zake, katika daraja la tatu. Anakwenda kumwambia Cécile, mpenzi wake, kwamba amempatia kazi Paris na kwamba atamwacha mkewe Henriette. Garimoshi likifika Roma amekwisha badili nia. Hatamwambia kitu, ataandika kitabu. Behewa hilo ni la mwisho wa zama zake, maana reli za Ulaya Magharibi zilifuta daraja la tatu mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka.

Na hao abiria wenzake? Wanaingia na kutoka: kasisi, mwalimu wa sheria, wenzi vijana walio katika fungate. Delmont anawatazama viatu, mizigo, vitabu, mikono. Anawabuni maisha yao. Anawapa majina, wale wenzi anawaita Pierre na Agnès. Anawabunia ugomvi wa baadaye na uzee. Jambo moja tu halifanyi: hasemi nao, isipokuwa yale machache ya kuombana njia. Saa ishirini na zaidi, magoti karibu yagusane, wala hakuna aliyemwuliza kama anaona baridi. Huenda Butor alikusudia hivyo, kutuonyesha mtu aliyefungiwa ndani ya nafsi yake. Tunakubali. Lakini hukumu yetu, na tunaitoa kwa heshima, ni kwamba kitabu chenyewe kina choyo ile ile ya shujaa wake. Kasisi hafungui mdomo ili atushangaze. Agnès hapati nafasi ya kusema kwamba jina lake si Agnès. Kwa Dostoevsky hata Lebedev, mdaku, anaweza kumkatiza mwandishi. Kwa Butor wote wanakaa kama mizigo juu ya rafu. Tena huyo Delmont amenunua kitabu stesheni kwa ajili ya safari, naye hakisomi. Anakitumia kushikia kiti chake anapotoka. Katika behewa lisilo na mwenyeji ameacha kitabu kiwe mwenyeji.

Inajulikana kwamba riwaya hii imeandikwa kwa vous toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo wanafunzi wetu walipokwama walipojaribu kutafsiri ukurasa wa kwanza. Waliotumia "wewe" walisikika kama wanamkemea Delmont. Waliotumia "ninyi" walimfanya kundi la watu. Na hata hivyo mwenyeji wa Lubumbashi anajua kwamba Kiswahili chetu kinao wingi wa heshima. Mtu mzima haambiwi "uko namna gani" bali "muko namna gani", na salamu yake ni "jambo yenu". Tulipendekeza tafsiri ifuate hivyo. Pendekezo hilo lilinikumbusha jambo ambalo linanilazimu niache "sisi" ya makala na niseme "mimi".

Mwaka 2017, mwezi wa Julai, nilikuwa nakwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki sita. Nilivuka Kasumbalesa kwa basi, nikapanda garimoshi la TAZARA huko Kapiri Mposhi: kilometa 1,860 za reli iliyojengwa kwa msaada wa Uchina kati ya 1970 na 1975. Katika chumba cha daraja la pili, chenye vitanda sita, alikuwamo mzee mmoja tu, Mtanzania, aliyekuwa amekwenda kumtazama binti yake aliyeolewa Kabwe. Nilipofungua mlango alisogeza kikapu chake, akasema, "Karibu, kijana, karibu kwetu." Chumba hakikuwa chake hata kidogo. Nami nikamjibu kwa adabu zote za nyumbani:

"Jambo yenu, baba."

Akageuka akatazama nyuma yake.

"Yetu mimi na nani?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema kwamba kwao mkubwa hupewa shikamoo, naye huwa mmoja tu. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba, na kwa siku mbili na nusu tukazungumza: Kiswahili chake cha Kilombero, chenye mpunga mwingi ndani yake, na changu ambacho kila saa alikuwa akikisimamisha kwa swali. Hakunisahihisha. Alipenda tu kujua neno limetoka wapi. Nilikuwa nimeandika, katika kazi yangu ya kumaliza leseni, kwamba masikilizano kati ya lahaja hizi mbili ni haba. Nilikuwa hata na jedwali. Yule mzee hakuliona jedwali langu. Wengine wanne waliopanda Serenje na Mpika walikula naye na kushuka, nami sikusema nao zaidi ya salamu. Kwa kuwa nimemlaumu Delmont, haki yanidai niungame kwamba mmoja wao, mwenye koti la kijani, nilimbunia kesi ya talaka.

Mpakani, Tunduma, maafisa walipita ndani ya garimoshi. Nilipaswa kulipa dola hamsini, na noti yangu ilikuwa ya toleo la zamani, tena imechanika pembeni. Sisi Wakongomani tunaijua vema kasoro hiyo, nilistahili kuiona mapema. Afisa akaikataa, akaniambia niteremshe mzigo. Mzee akatoa katika mfuko wa ndani noti safi, aliyopewa na binti yake, akailipa. Nilitaka kumwachia ile yangu kama rehani, akasema haitamfaa. Akaandika jina lake na namba ya simu kwenye kipande cha boksi la biskuti. "Utanipa ukipata," akasema.

Alishuka Ifakara usiku. Nilikuwa nimelala kitanda cha juu. Akanigusa mguu, akasema, "Kijana, tuwiane radhi." Nami, nikiwa nusu usingizini, nikamjibu, "Kwaheri, baba."

Karatasi haikupotea. Mtu akisimulia habari za namna hii husema karatasi ilipotea, lakini yangu haikupotea; ilikuwa alama katika nakala yangu ya La Modification, ambayo niliibeba safari nzima nisiisome. Mwezi wa kwanza posho ilikuwa ndogo. Mwezi wa tatu nilikuwa nimerudi Lubumbashi na kutuma fedha kulionekana kuwa na ugumu. Baadaye ugumu haukuwa tena wa fedha bali wa kueleza kwa nini nimechelewa. Nilipopiga simu, mwaka 2019, aliitikia msichana aliyeniambia kwa upole kwamba namba hiyo ni yake, ameinunua dukani, wala hamjui mzee huyo.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ya tafsiri. Mwanafunzi wetu mmoja ameanza kutia kurasa za mwisho za Tolstoy katika Kiswahili kutoka Kifaransa, chini ya uangalizi wangu na wa mwalimu mstaafu. Kwa lile neno la mwisho aliandika "kwaheri". Mimi nimependekeza "niwie radhi", kwa kuwa katika Kiswahili msafiri huomba radhi anapoaga, na kwa hiyo neno hilo hubeba mambo yote mawili kama lile la Kirusi, jambo ambalo Kifaransa hakiliwezi. Mwanafunzi amepinga. Anasema kwamba vijana wa Lubumbashi hawaagani hivyo, na kwamba msomaji atafikiri Pozdnyshev ni mzee wa pwani. Mwalimu mstaafu anaona kwamba kosa letu sote liko kwenye kauli ya msimulizi, inayotangulia, ambayo ndiyo iwe "kwaheri". Kisha jibu lolote litakalofuata, mradi si "kwaheri", litasikika. Rasimu ya kurasa hizo inapatikana katika maktaba ya idara, na mapendekezo ya wasomaji yatapokelewa.